Nani Kafunga Maji?



Nitaanza na jambo ambalo mijini mwetu limezoeleka mno, hata hatuliulizi tena. Ratiba ya mgao imesema leo ni zamu ya mtaa wenu. Ndoo zimepangwa, mapipa yameoshwa, mama mwenye nyumba amewaonya wapangaji wasilale kabla ya kukinga. Saa nne usiku bomba linakoroma, linatema hewa, kisha kimya. Ng'ambo ya barabara, mtaa wa pili, maji yanamwagika mpaka mtaroni. Asubuhi maelezo ni yale yale: mtambo umeharibika, umeme ulikatika, mto umepungua. Huenda ni kweli. Lakini lipo jambo jingine ambalo watu hulisema kwa kunong'ona: kuna mtu alikwenda usiku kwenye chemba ya valvu, akainua mfuniko, akatumbukiza spana, akazungusha.

Leo tuizungumzie chemba hiyo. Tuzungumzie valvu zilizofukiwa chini ya barabara zetu, nani anazichezea, madhara yake ni nini, na zilindweje. Nakuambia mapema ninakokwenda, usije ukasubiri mpaka mwisho: valvu hailindwi na kufuli peke yake. Valvu iko salama pale ambapo watu wanaojua inapaswa kuwa katika hali gani ni wengi kuliko watu wanaojua kuizungusha. Hilo ndilo nitakalolitetea jioni hii.

Kwanza tuielewe yenyewe. Chukua Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka Mto Ruvu. Upo mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959, ambao baada ya kupanuliwa una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Upo wa Ruvu Chini, wa mwaka 1976, wenye uwezo wa lita milioni 270. Maji ya Ruvu Chini huletwa kwenye matangi ya Chuo Kikuu, na ya Ruvu Juu hupitia matangi ya Kibamba na Kimara. Kutoka hapo yanaingia kwenye mabomba makubwa, yanagawanyika kuingia madogo, na madogo kuingia madogo zaidi, mpaka kwenye dira iliyo nje ya uzio wako. Na kila bomba linapochepuka, au karibu na hapo, kuna valvu.

Kazi ya valvu ni kuruhusu au kuzuia. Bomba likipasuka, fundi hafungi maji ya jiji zima. Anafunga valvu iliyo kabla ya mpasuko, anakarabati, anafungua. Maji yakipungua mtoni, kama ilivyokuwa mwishoni mwa Oktoba 2022 mgao ulipotangazwa Dar es Salaam kwa sababu Ruvu ilikuwa imeshuka, valvu hizo hizo ndizo zinazotekeleza ratiba. Ile karatasi tunayoisambaza kwenye makundi ya simu, kwamba Jumatatu ni mitaa hii na Jumanne ni ile, haina mikono. Mikono yake ni mafundi wanaokwenda chemba kwa chemba na kuzungusha. Kwa hiyo katika mji wenye mgao, mwenye spana ana madaraka makubwa kuliko anavyoonekana. Anaweza kukulaza na kiu, na hutamjua.

Sasa, ni nani wanaozichezea?

Wa kwanza ni mwizi wa chuma. Huyu hana habari na maji. Anachotaka ni mfuniko wa chuma, au mwili wa valvu yenyewe, aupeleke kwa mnunuzi wa skrepa. Madhara yake yanaonekana upesi: shimo wazi katikati ya njia, mtoto anatumbukia, pikipiki inazama tairi, taka na maji ya mvua vinajaa mpaka valvu haionekani. Jirani zetu wa Kenya walilijua hili kwa njia ya umeme. Januari 2022 minara ya njia kuu ya umeme kutoka Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, nchi ikaingia gizani, na lawama zikaenda kwa wang'oaji wa vyuma. Mwezi huo huo serikali ikasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, na iliporuhusiwa tena baadaye ilikuja na masharti. Walichokiona Wakenya ni kwamba mwizi wa chuma hakamatiki kirahisi kwenye nguzo wala kwenye chemba, kwa sababu hivyo vimetawanyika nchi nzima. Anakamatika kwenye mizani, pale anapokwenda kuuza.

Wa pili ni mfanyabiashara wa maji. Nisieleweke vibaya: wenye maboza, wenye visima na wasukuma mikokoteni ya madumu wanaokoa watu wengi, na wengi wao ni waaminifu. Lakini hesabu iko wazi. Bomba linapokuwa kavu, bei ya dumu inapanda. Mtu anayefaidika na ukavu ana sababu ya kuutamani, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki, Nairobi ikiwemo, habari za magenge yanayofunga na kufungua maji ili kuuza zimesikika kwa miaka mingi.

Wa tatu ni mwenye kiu. Huyu si mwizi kwa tabia. Mtaa wake haujapata maji wiki nzima, mtaa wa jirani unapata, naye anajua chemba ilipo. Usiku wanatoka vijana watatu na mwanga wa simu. Kwa macho ya watu wao, hao ni mashujaa. Kwa macho ya mtaa wa jirani, ni wezi.

Na wa nne, msikilizaji, ndiye anayetuumiza kichwa: mtu wa ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kuna fundi wa kudumu, na kuna kibarua aliyeajiriwa kwa miezi michache kuchimba mitaro. Wote wawili wameonyeshwa chemba zote za kata. Mkataba wa kibarua unapokwisha, anarudisha reflekta na buti, lakini ujuzi anaondoka nao. Baadaye akipigiwa simu na mtu mwenye noti mfukoni, hakuna kufuli litakalomzuia, maana kufuli lenyewe pengine alilifunga yeye.

Tutue kidogo hapa. Yupo anayeweza kuniuliza: sasa hata akifungua, si maji tu? Mmoja kapata, mwingine kakosa, kesho yatakuwa kinyume chake. Hasara kubwa iko wapi?

Hasara iko kwenye bomba lenyewe, na hapa ndipo ningependa usikilize kwa makini.

Maji yaliyomo kwenye bomba kubwa ni mazito na yako mwendoni. Bomba la kilomita moja lenye kipenyo cha inchi 12 hubeba tani 70 na zaidi za maji. Uzito huo unatembea. Ukiukatisha ghafla, mwendo wake lazima uishie mahali, nao huishia kwenye kuta za bomba. Mwishoni mwa miaka ya 1890 mhandisi Mrusi, Nikolai Zhukovsky, alifanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya mji wa Moscow ili kujua kwa nini yalikuwa yakipasuka. Alichokithibitisha ni kwamba maji yakisimamishwa ghafla huzuka wimbi la msukumo linalokimbia ndani ya bomba la chuma kwa kasi inayozidi mita 1,000 kwa sekunde. Maji yaliyokuwa yakitembea mita moja tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole, yakikatwa ghafla huongeza msukumo sawa na uzito wa maji yaliyosimama kwenda juu mita 100 hivi. Hiyo ni juu ya msukumo uliokuwamo tayari. Bomba jipya laweza kustahimili. Bomba lililofukiwa tangu enzi za babu, lenye kutu na viungio vilivyochoka, hupasuka, na mara nyingi halipasuki pale penye valvu bali mbali kabisa, penye udhaifu. Ndiyo maana asubuhi utaona maji yanabubujika katikati ya lami na hakuna anayekumbuka kwamba usiku, mitaa mitatu kutoka hapo, kulikuwa na vijana na spana.

Valvu ya kawaida ya lango ina hila nayo. Ukianza kuifunga, mizunguko mingi ya mwanzo haipunguzi maji sana. Mzungushaji anadhani bado, anaongeza kasi. Kumbe ile mizunguko michache ya mwisho ndiyo inayokata. Fundi aliyefundishwa anajua: anapokaribia mwisho anapunguza mwendo, anazungusha kidogo, anasubiri, anazungusha tena. Asiyefundishwa anafanya kinyume, kwa sababu ana haraka ya kuondoka.

Hasara ya pili haina kishindo, na kwa hiyo ni mbaya zaidi. Upande ule ambao maji yamekatwa, bomba linaanza kuwa tupu. Linapotoka maji bila kupata mengine, linavuta. Mabomba yetu yana mivujo; panapotoka maji wakati yamejaa, ndipo panapoingia uchafu wakati yamepungukiwa. Sasa fikiri bomba hilo limepita wapi: kando ya mtaro, chini ya banda la ng'ombe, jirani na shimo la choo. Wakati wa kuvuta linavuta yote hayo. Maji yakirudi, kikombe cha kwanza kimebeba kilichoingia. Jiji la Dar es Salaam, lililopitia kipindupindu kilichoanza Agosti 2015, halihitaji kuhubiriwa sana juu ya hili. Mgao wenyewe tayari una hatari hiyo, hata unapofanywa na wataalamu. Kila mkono wa kinyemela unaongeza idadi ya mara ambazo bomba linakauka na kujaa, kukauka na kujaa.

Na hasara ya tatu ni moto. Gari la zimamoto likimaliza maji yake linatafuta bomba la zimamoto kando ya barabara. Bomba hilo nalo linalishwa kupitia valvu. Kama kuna mtu aliifunga juzi na kuiacha hivyo, askari wa zimamoto ataligundua hilo huku paa linaungua.

Basi tumekubaliana kwamba zilindwe. Zilindweje?

Wazo linalomjia kila mtu ni kufuli. Mfuniko mzito, kofuli kubwa, mambo yamekwisha. Nami sisemi kufuli halina kazi. Linamchelewesha mwenye kiu na linamkatisha tamaa mtoto mtundu. Lakini tuseme ukweli. Spana ya valvu ni fimbo ndefu ya chuma yenye umbo la herufi T, na ncha yake ina tundu la mraba linalovaa nati ya valvu. Fundi yeyote wa kuchomelea, Gerezani au Keko, akiona mfano wake hashindwi kuitengeneza. Kufuli la nje, katika hewa ya chumvi ya pwani, lina kutu kabla ya masika mawili. Na likishashika kutu, nani anaumia? Si mwizi, maana yeye anakuja na tindo. Anayeumia ni fundi wa zamu aliyeitwa saa nane usiku kuzuia maji yanayobomoa nyumba ya mtu, anapinda funguo mpaka inakatikia ndani.

Kwa hiyo kinga yoyote ya valvu lazima ijibu maswali matatu kwa pamoja. Je, inamchelewesha asiyehusika? Je, inampitisha haraka anayehusika? Na je, ikichezewa, itatuambia? Kufuli hujibu swali la kwanza, na hata hilo kwa nusu. Swali la tatu ndilo tunalolisahau, nalo ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote.

Sikiliza namna rahisi ya kulijibu. Valvu ya lango ina idadi yake ya mizunguko kutoka wazi kabisa mpaka kufungwa. Mafundi wana kanuni ya mkono: zidisha kipenyo cha inchi kwa tatu, kisha ongeza miwili au mitatu. Valvu ya inchi 6 basi huzunguka kama mara 20. Ya inchi 12 karibu mara 40. Fundi anayeandika kwenye daftari kila anapoigusa, tarehe, saa, aliikuta wapi na kaiacha wapi, ana mlinzi asiyelala. Juzi aliiacha wazi kabisa, mizunguko 20. Leo anaipima na kuikuta 13. Mizunguko saba imekwenda na nani? Hapo hakuna ubishi wala mnong'ono; kuna namba. Daftari halihitaji umeme, halihitaji intaneti, wala halihitaji mkopo kutoka nje. Linahitaji kalamu, na msimamizi anayelisoma. Daftari linaloandikwa na lisisomwe ni karatasi ya kufungia maandazi.

La pili ni sili yenye namba, kama ile iliyo kwenye mita za umeme. Sili haimzuii mtu; kwa mkasi inakatika. Kazi yake ni kusema. Mkaguzi akipita na kukuta imekatika, au namba si ile iliyoandikwa, anajua pa kuanzia. Tena sili ina faida ambayo kufuli halina: siku ya moto askari anaikata na kuendelea, hamtafuti mwenye funguo.

La tatu ni mifuniko. Pale ambapo magari mazito hayapiti, mfuniko wa zege au wa plastiki ngumu iliyoimarishwa unafanya kazi ile ile, na mnunuzi wa skrepa hautaki. Huko ni kumnyima mwizi soko badala ya kumfukuza na tochi. Penye magari makubwa, ambapo chuma hakikwepeki, kiwe na bawaba isiyong'oka na alama ya mamlaka iliyosubuliwa humo humo, ili mnunuzi asidai kwamba hakujua alichonunua. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inahesabu uharibifu wa miundombinu ya maji kuwa kosa. Sheria hiyo ifike mpaka kwenye mizani ya skrepa.

La nne: valvu iguswe mara kwa mara na anayestahili. Valvu isiyozungushwa kwa miaka hukwama, na siku ikihitajika mhimili unakatika. Wahandisi wa maji hushauri kila valvu izungushwe walau mara moja kwa mwaka, ifungwe na kufunguliwa, ipakwe kinachopaswa kupakwa. Na iachwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Valvu ya lango haikutengenezwa kukaa nusu nusu. Maji yanayobanwa chini ya lango huitetemesha na kuila taratibu. Huyu anayeizungusha usiku kwa kawaida huiacha nusu, kwa hofu au kwa kutojua.

Vipo pia vyombo vya kisasa, vipimo vya msukumo vyenye laini ya simu vinavyotuma taarifa kila baada ya dakika kadhaa. Ni vizuri, na kwenye mabomba makubwa vinajilipa. Lakini kuweka kimoja kwenye kila chemba ya jiji zima ni ndoto ya gharama, na betri zake nazo zina soko mtaani. Viwekwe penye uzito. Kwingine tutumie kitu rahisi: geji ya presha kwenye bomba la shule ya msingi, au la zahanati, na mtu mmoja wa kusoma mshale asubuhi na jioni na kuandika. Msomaji huyo asiwe yule anayezungusha valvu. Anayefungua mlango wa ghala asiwe yeye huyo anayehesabu magunia.

Mpaka hapa tumezungumza habari za chuma, kalamu na plastiki. Lakini yule wa tatu, mwenye kiu, hatujamjibu. Na kama hatukumjibu, mengine yote ni kupoteza muda, kwa sababu yeye ndiye mwenye mtaa mzima nyuma yake.

Kuna fundisho kutoka mbali kidogo, New York. Kila kiangazi joto linapokaza, watu wa mitaa yenye msongamano hufungua mabomba ya zimamoto ili watoto wacheze majini. Bomba moja likiachwa wazi hivyo hutoa mpaka galoni 1,000 kwa dakika, yaani karibu lita 3,800, na msukumo wa eneo zima unashuka. Jiji liliweka nati zenye umbo la pekee na vifaa vya kuzifunga. Watu wakaendelea kufungua. Lakini jiji lilifanya pia jambo la busara: mtu mzima yeyote anaweza kwenda kituo cha zimamoto cha karibu na kuomba afungiwe kifuniko chenye matundu, bure. Kikishafungwa, bomba hutoa galoni 25 hivi kwa dakika, lita 95. Watoto wanacheza, zimamoto wana maji yao. Hawakuacha kufunga. Walichokifanya ni kumpa mwenye haja njia ya halali iliyo fupi kuliko njia ya wizi.

Na karibu zaidi na sisi, Kisumu. Katika mtaa wa Nyalenda, miaka ya 2000, kampuni ya maji ya mji ule ilikuwa ikipoteza maji mengi kwa maunganisho ya kinyemela. Badala ya kuongeza askari, ilianza kuuza maji kwa jumla kwa waendeshaji waliotoka mtaani humo humo. Hao wanasimamia bomba la mtaa na chemba za mita, wanawaunganishia wateja, wanakusanya malipo, nao wanailipa kampuni kulingana na dira kuu. Tazama kilichobadilika. Chemba ile sasa ina mwenyewe. Mtu akiichezea usiku, hasara haiendi kwa "serikali" isiyo na sura; inaingia mfukoni mwa mtu anayejulikana, anayeishi nyumba ya nne kutoka pale, ambaye ataamka na kuuliza. Mpango ule una matatizo yake, maana mwendeshaji wa mtaa naye anaweza kugeuka mlanguzi asiposimamiwa. Lakini umeonyesha kwamba kwenye valvu jicho la jirani lina nguvu kuliko bawaba.

Hapo naisikia hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Mtu wa usalama atasema: ukiwaambia watu wengi mambo ya valvu, si unawafundisha wezi? Si afadhali iwe siri?

Tutenganishe mambo mawili. Ramani ya mabomba makubwa, valvu ipi ikifungwa hospitali inakauka, ipi inalisha nusu ya wilaya, hiyo ni siri halali. Ikae ofisini, na anayeiona aandikwe. Lakini ratiba si siri. Siku gani mtaa upi unapata maji, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na namba ya kupiga isipokuwa hivyo, hayo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, yasomwe msikitini na kanisani, yatangazwe hapa redioni. Sisi kwa bahati mbaya tumefanya kinyume. Mahali chemba zilipo kila kibarua wa zamani anapajua, na ratiba ya kweli mwananchi haijui. Mchezaji wa valvu anaishi katika pengo hilo. Kama hakuna ajuaye leo ni zamu ya nani, ukavu hauna mshtaki. Ratiba ikiwa wazi na ikaheshimiwa, saa moja tu baada ya bomba kukauka kinyume cha ratiba simu mia zinapigwa, na fundi wa zamu anajua aanzie chemba ipi. Ofisi ya maji inayobadilisha ratiba bila kusema inajinyima yenyewe walinzi hao wa bure.

Na mamlaka yenyewe nayo hupoteza isipojua hali ya valvu zake. Kenya, kwa takwimu za msimamizi wake wa huduma za maji, kwa miaka mingi imekuwa ikipoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji yaliyosafishwa kabla hayajalipiwa. Si yote ni wizi wala si yote ni valvu. Mivujo na dira mbovu zimo. Lakini mamlaka isiyojua valvu zake zimekaaje haiwezi hata kuyagawa makundi hayo, iseme haya yamevuja na haya yameibwa. Inabaki kuongeza mitambo mtoni huku maji yakiishia njiani.

Sasa wewe msikilizaji, ufanye nini? Sikutumi uende kulinda chemba na rungu. Wala usiiguse, hata kama unaamini imefungwa kwa hila. Umeshasikia habari za Zhukovsky. Ukikuta mfuniko haupo, weka alama inayoonekana kwa mbali, ili watu wasitumbukie, kisha toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mamlaka ya maji, na uandike saa uliyotoa taarifa. Ukiona watu wanazungusha valvu, wana haki ya kuulizwa vitambulisho, na fundi mwenye kazi halali hakasiriki kuulizwa. Maji yakirudi baada ya kukatika, yaache ya mwanzo yapite, na ya kunywa yachemshe.

Na mkutano wa mtaa utakapoitishwa, baada ya hoja za ulinzi shirikishi na za taka, nyoosha mkono uulize maswali haya: valvu inayotulisha sisi inafunguliwa na nani, anaandika wapi, na nani anayelisoma daftari lake? Wakikujibu kwa majina na kwa saa, mtaa wenu una ulinzi. Wakikujibu kwamba kuna kufuli, uliza tena.